Pambizo za Mama

Mume wangu anajalidi vitabu, na kwa miaka ishirini na sita ya kazi hiyo hakuwahi kusoma hata kimoja. Nalisema mbele yake na hakatai. Kitabu kwake kilikuwa mgongo, uzi, gundi na jalada. Angekigeuza mara moja mkononi akakwambia kilishonwa na fundi mvivu, lakini ukimuuliza kinasema nini, anakujibu kwamba hiyo ni kazi ya mwenye kitabu.

Mama yangu aliliona hilo tangu siku mchumba wangu huyo alipokuja kujitambulisha nyumbani. "Mtu anayeshika vitabu kutwa na hafungui hata kimoja ni mpishi asiyeonja," aliniambia jikoni. "Shauri yako." Nikaolewa naye hivyo hivyo, na sijajuta, ila kwa ile wiki moja ninayotaka kuisimulia. Watu wote humwita Fundi, nami namwita Fundi. Nikikasirika ndipo anapokuwa Bwana.

Tuna chumba kimoja kirefu kando ya barabara, tumekigawa kwa pazia. Mbele nauza madaftari, kalamu na bahasha. Nyuma ya pazia yuko yeye na meza yake, sindano zake, kopo la gundi, na mashine ya kukatia karatasi yenye mkono mrefu wa chuma. Mkono ule ukishuka, hata kalamu zangu huku mbele hutikisika.

Mama ni mkunga mstaafu. Biblia yake ilikuwa kubwa, ya zamani, yenye pambizo pana za vidole viwili kila ukurasa. Kila alfajiri kabla ya kwenda wodini alikuwa anaisoma, na akisoma anaandika pembeni kwa kalamu ya kijani. Miaka thelathini na nane aliandika hivyo. Hakuwa anaandika mahubiri. Alikuwa anauliza, anabisha, anagomba. Sisi watoto tulikatazwa kuigusa, na tulijua kwamba kelele zikizidi asubuhi hiyo, mtu atakula kofi.

Halafu mtoto wa jicho akamfunika macho yote mawili. Kwa mwaka mzima na nusu hakuweza kusoma. Tulijaribu kumsomea, akakataa. "Nyie mnakimbia pale ninapotaka kusimama," alisema. Hospitali ilipompa tarehe ya kupasuliwa, alikuja dukani kwa kupapasa, kaka yangu akimshika mkono, akamkabidhi Fundi ile Biblia ikiwa imefungwa kwa kitambaa.

"Mkwe, mgongo umeachia. Nishonee vizuri. Siku nikifunguliwa bandeji, kitu cha kwanza nitakachosoma ni hiki."

"Usijali, Mama. Utaikuta mpya," akajibu Fundi.

Laiti angejua alichokisema. Jumatatu ile nilipita nyuma ya pazia kumpelekea chai. Gundi ilikuwa imemwagika mezani, nikachota konzi ya mabaki ya karatasi kwenye gunia nipanguse. Nikaona wino wa kijani. Nikaleta mkono karibu na macho. Ulikuwa mwandiko wa mama yangu, ile herufi yake ya "k" yenye mguu mrefu, kwenye kijikaratasi chembamba kisichozidi upana wa kidole.

"Fundi, hii ni nini?"

"Uchafu wa pembeni," akasema bila kuinua kichwa. "Biblia ya Mama. Kingo zilikuwa zimechakaa, halafu wajukuu walikuwa wamechorachora ovyo na kalamu ya kijani. Nimemsafishia. Tazama."

Akaifunua. Kweli, ilikuwa imenyooka kama tofali, jalada jeusi, kingo amezipaka rangi nyekundu. Pambizo hazikuwepo. Alikuwa ameibana kwenye mashine, fungu kwa fungu, akashusha kisu juu, chini na pembeni, kama anavyofanya kwa kila kitabu kikuukuu. Na alipokuwa anashona alikuwa ameyaona maandishi yote yale. Aliyaona, hakuyasoma.

Nilikaa juu ya rundo la maboksi. "Bwana," nikamwambia, "umekata miaka thelathini na nane ya mama yangu."

Alinitazama, akatazama kijikaratasi mkononi mwangu, akasoma kwa sauti ndogo: *Mtu huyu ananichosha.* Uso wake ukabadilika rangi. Sijawahi kumwona mume wangu akiogopa hivyo, hata siku niliyojifungua mtoto wetu wa kwanza na damu zikakataa kukoma.

Mama angefika Jumamosi. Leo Jumatatu. Na mabaki ya wiki iliyopita, nusu gunia, yalikuwa tayari yamechukuliwa na jirani yetu muuza vikombe, anayeyatumia kufungashia. Nilikimbia mpaka kwake nimevaa ndala moja yangu, nyingine ya Fundi. Tulifungua maboksi, tukatoa vikombe kimoja kimoja, muuza vikombe akilalamika kwamba nikivunja kimoja tutagombana. Tulipata vingi. Maboksi mawili yalikuwa yameshauzwa kwa watu asiowajua.

Tulimwaga vyote juu ya meza, tukatenga vyenye wino. Vilikuwa mia tatu na kumi na viwili. Hapo ndipo tulipolijua tatizo lenyewe. Kijikaratasi hakisemi kimetoka ukurasa gani. Kwenye baadhi, kisu kilikuwa kimepita katikati ya maandishi, mikia ya herufi ikabaki kwenye ukurasa, na hivyo tuliviunganisha kwa macho. Vingine vyote havikuwa na alama. Ili ujue pa kukirudisha, ilikupasa ujue Mama alikuwa anagomba na nani.

"Wewe ndiye binti yake," Fundi akaniambia. "Wewe unaijua Biblia."

Nami nikaona aibu, maana naijua ya kuisikia Jumapili. Mama yangu alikuwa anaishi humo ndani, mimi nilikuwa napita nje na kusalimia. Sikumwambia hivyo wakati ule. Nilimwambia, "Aliyekata ndiye atakayeunga."

Akafunga kazi zote. Akaandika kwenye boksi, FUNDI YUPO LAKINI HAYUPO, akalitundika kwenye pazia, akakaa kusoma.

Kijikaratasi cha kwanza alichokishupalia kilisema: *Hawa ni wenzangu. Walidanganya vizuri.* Basi akaanza kuwatafuta waongo. Siku nzima ya Jumanne nikamsikia nyuma ya pazia akiguna. Kuna mtu amesema mke wake ni dada yake. Kuna kijana amemdanganya baba yake kipofu kwa ngozi ya mbuzi. Kuna baba mkwe amemdanganya mkwe wake usiku wa harusi. Alitoa kichwa nje mbele ya wateja wawili, akaniuliza, "Hivi kitabu hiki kimejaa waongo namna hii, na mlikuwa mnanificha?"

Jumatano saa nne asubuhi alipiga meza kwa kiganja. Alikuwa amewapata wakunga wa Misri, wale walioamriwa na Farao wawaue watoto wa kiume, wakamjibu kwamba wanawake wa Kiebrania huzaa upesi kabla mkunga hajafika. "Wenzake!" akapaza sauti. "Wakunga! Mama anajisifia!" Alicheka, kisha akasoma tena habari ile tangu mwanzo ingawa kijikaratasi kilishapata mahali pake. Mimi nilikuwa nimesimama na kalamu za mteja mkononi. Nilijua kwamba kusoma kule kwa mara ya pili hakukuwa kwa ajili ya kubandika.

Lakini siku zilikuwa zinayoyoma. Kufikia Alhamisi jioni tulikuwa tumebandika mia na arobaini tu. Tuligombana. Nilimwambia ampigie Mama simu amwambie ukweli. Yeye akataka amalize kwanza, kisha aone. "Mficha maradhi, kifo humuumbua," nikamwambia. "Najua," akasema, "lakini niache nife nikiwa nasoma." Ningemrushia kopo la gundi kama lisingekuwa la mwisho.

Ijumaa alinionyesha kimoja chenye wino wa aina mbili. Sehemu ya kwanza ilisema: *Leo nimempoteza mtoto wa watu. Sisomi tena.* Chini yake, kwa kijani kilichokoza zaidi: *Nimerudi.* Nilikumbuka mwaka ule. Mama aliifunika Biblia kwa kitambaa na kuiweka juu ya kabati miezi minane, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Fundi alikishika muda mrefu. Alisema, "Mtu aache kusoma kwa sababu amekasirika, halafu arudi palepale alipoachia. Mimi sijawahi kukasirikia kitabu." Alikibandika kwa Ayubu, pale anapotamani asingezaliwa, na baadaye tulikuja kujua kwamba hapakuwa mbali sana.

Jumamosi asubuhi, baada ya siku mbili za kukesha, vilibaki thelathini. Alivibandika kwa kubahatisha. Kwenye kurasa zilizokuwa na mikia ya wino lakini karatasi zake zimekwenda na vikombe, kumi na tisa kwa hesabu yake, alibandika vipande vitupu. Kikabaki kimoja tu ambacho hakuthubutu kukibahatisha. Kilisema: *Huyu ni mkwe wangu mtupu.*

Mama alikuwa na mkwe mmoja tu wa kiume. Fundi alikitia mfuko wa shati, na sikumuuliza alikuwa anafikiria watu gani.

Mama alifika saa tano, amevaa miwani nyeusi, safari hii akitangulia mbele ya kaka yangu. Nilimpa kiti chetu kizuri. Fundi alisimama karibu na mashine. Mama aliipokea Biblia kwa mikono miwili, akaipima uzito.

"Mbona imenenepa?"

Vile vikaratasi vilikuwa vimeivimbisha, kingo zimetimka kama kuku aliyesimamisha manyoya. Fundi, mtu ambaye hawezi kula kwenye meza iliyopinda, ndiye aliyeifanya iwe vile. Mama akavua miwani, akafungua katikati, akainamisha uso. Kidole chake kikapita pembeni, kikakuta mstari wa gundi, kikasimama. Akafunua ukurasa mwingine. Kidole kikasimama tena. Huko nje mtu alikuwa anauza ndizi kwa kipaza sauti, nikatamani anyamaze.

"Hii imekatwa," akasema Mama.

"Nimeikata mimi, Mama," akasema Fundi. "Nilidhani watoto wamechezea. Niliyaona maandishi nikadhani ni uchafu. Sikusoma."

"Hukusoma."

"Sikusoma, Mama. Na kumi na tisa yamepotea kabisa."

Machozi yakaanza kumtoka Mama. "Mama, daktari alisema usilie!" nikapiga kelele.

"Nyamaza wewe, macho ni yangu," akanijibu, akaendelea kufunua huku yakimtiririka. Kaka yangu alimtazama Fundi kwa jicho ambalo nililiogopa. Kisha Mama alifika mahali, akainua kichwa. "Hiki umekiweka hapa kwa nini?"

Fundi alisogea. Kilikuwa kijikaratasi kilichosema: *Na mama mtu je? Hakuulizwa.* Alikuwa amekibandika kwa Ibrahimu, pale anapoamka alfajiri kumpeleka mwanawe mlimani.

"Si hapo," akasema Mama. "Hiki ni cha Yeftha, aliyeweka nadhiri ya haraka ikamwangukia binti yake."

"Samahani, Mama. Lakini..." Akaweka kidole kwenye mstari. "Lakini na hapa pia hakuulizwa. Nimetafuta. Baba ametandika punda, amepasua kuni, ameondoka, na mke wake hasemi neno. Aliambiwa nini, Mama? Aliamka akakuta kitanda kitupu?"

Nilidhani atamfukuza. Mama alimtazama kwa yale macho mapya, mekundu. Aliinama akasoma pale mwenyewe. "Sikuwahi kuliona hilo," akasema, lakini hakulisema kwa upole.

Ndipo Fundi akatoa kile cha mfukoni. Mama alikisoma, mdomo ukamchezacheza kidogo. Akakirudisha mkononi mwake, akaifunga Biblia, akamwekea juu ya meza.

"Kitabu kitabaki hapa. Kipatie hicho mahali pake, kisha niletee. Ukipakosea, utarudi nacho."

"Mama!" nikasema. "Umengoja mwaka na nusu!"

"Basi nitangoja tena. Aliyekikata anakijua vizuri kuliko mimi sasa." Akavaa miwani yake, akatoka bila kuaga. Nilimkasirikia yeye, nikamkasirikia Fundi, na wali nilioupika siku hiyo uliungua.

Fundi aliamua kutobahatisha tena. Alianza ukurasa wa kwanza, sura moja kila asubuhi kabla hatujafungua duka, na kijikaratasi kile akikitumia kama alama. Kila alipofika kwa mtu mpya aliniuliza, "Ndiye mimi?" Kaini akamtia hofu wiki nzima. Kwa Esau, aliyeuza haki yake kwa sababu ya njaa, nilimwambia kwamba panawezekana sana. Pale pa hema la Waisraeli jangwani, penye vitanzi, kulabu na vipimo, ambapo watu wengi hupitia mbio, yeye alikaa siku kumi na moja. Alikata maboksi, akaijenga mezani ili aone mapazia yanaungana vipi. Mteja aliyeleta stakabadhi zake zijalidiwe alishikwa akaeleweshwa habari za mbao na vitako vyake vya fedha mpaka akasahau chenji.

Mwezi wa tano tangu aanze, kaka yangu akapiga simu. Mama alikuwa ameanguka bafuni, presha imepanda, amelazwa. Nilirudi nyuma ya pazia nikiwa nalia. "Mpelekee kitabu chake, Bwana! Unataka afe anasoma cha kuazima?"

"Sijapapata."

"Bandika popote! Mwambie umepata!"

Aliweka mikono yote miwili juu ya Biblia. "Nilishamdanganya mara moja bila kujua," akasema. "Siwezi kumdanganya nikijua." Tulikaa siku mbili bila kusemeshana. Nilipokwenda wodini peke yangu, Mama aliniuliza amefika wapi. Nikamwambia, Hesabu. Akafumba macho. "Mwambie asikimbie," akasema.

Aliruhusiwa kurudi kwa kaka, akiwa dhaifu. Wiki iliyofuata, asubuhi, nilikuwa napanga madaftari niliposikia ukimya wa ajabu nyuma ya pazia. Hakuguna, hakufunua. Nilipochungulia, Fundi alikuwa amesimama mbele ya mashine yake, ameshika ule mkono wa chuma, anautazama. Kisha alichukua Biblia na kopo la gundi, akaniambia nifunge duka.

Mama alikuwa amekaa kitandani na mito mgongoni. Fundi hakukaa. Alisema, "Mama, nimekuja. Nikikosea nitarudi nacho."

"Sema."

"Ni yule bwana Balaamu. Yuko safarini juu ya punda wake. Malaika amesimama njiani na upanga, punda anamwona, bwana hamwoni. Punda anakwepa, bwana anampiga. Punda anajibana ukutani, anampiga. Punda analala chini, anampiga. Kazi yake ni kuona, watu wanamwita kutoka mbali kwa sababu ya kuona, na kilicho mbele ya pua yake hakioni." Akaiinua Biblia. "Nimebeba vitabu miaka ishirini na sita, Mama. Na chako nimekipiga mara tatu. Juu, chini, na pembeni."

Mimi nilikuwa nimeshika ukingo wa kitanda, nikimwomba Mungu pawe hapo, maana nilijua Mama hana nguvu za kungoja Biblia nzima. Aliipokea, akaifungua pale kwenye kijikaratasi, akasoma polepole, midomo ikitembea. Alifika kwenye kipande kimoja kitupu, kimoja cha vile kumi na tisa. Hakikuwa kitupu tena. Kwa penseli, kwa mwandiko mbaya wa mtu asiyezoea, kilikuwa kimeandikwa: *Punda alisema kweli, na bwana akamjibu bila hata kushangaa kwamba punda anasema. Kwa nini?*

"Nani ameandika hapa?"

"Ni mimi, Mama. Kinafutika."

Mama alianza kucheka. Alicheka mpaka kaka yangu akaja mbio kutoka sebuleni akidhani amezidiwa. "Ni hapa," akasema alipopata pumzi. "Niliandika mwezi ule ulipomwoa huyu. Ulikuwa Balaamu mtupu." Akamwangalia Fundi juu mpaka chini. "Ila sasa naona siyo tena. Sasa wewe ni punda."

Sijawahi kusikia mtu akiitwa punda na mama mkwe wake, akalia na kushukuru. Fundi alisema, "Asante, Mama," akapiga magoti kando ya kitanda, akafungua kopo la gundi.